Mwako wa flashi na jani la nyuma

Tangu msimu wa mvua uliopita ninajifunza kupiga picha za wadudu wa bustani kwa lenzi ya makro na flashi. Kazi hiyo, kati ya mistari ya lengalenga na matembele hapa Mashamba, imenipa jambo la kutafakari pamoja nanyi.

Mdudu akikaribiwa sana, sehemu inayoonekana wazi katika picha huwa nyembamba mno: jicho la panzi likiwa safi, mguu wake ni ukungu. Ili kuipanua sehemu hiyo, sharti kitundu cha lenzi kifinywe hadi f/11 au zaidi. Lakini kikifinywa, mwanga wa jua hautoshi tena. Ndipo flashi huhitajika. Mwako wake ni mfupi kiasi kwamba hata nyuki anayetetemeka juu ya ua huonekana ametulia. Karatasi nyeupe ikitandazwa mbele yake, mwanga hulainika.

Hata hivyo, mwanga huo hauendi mbali. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Basi mdudu hung'aa, na yote yaliyo nyuma yake huwa meusi. Picha ya saa nne ya asubuhi hufanana na ya usiku wa manane. Bustani ingalipo, ila nuru haikuifikia.

Lualaba yetu imo katika picha ya namna hiyo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nayo imo katika betri nyingi za simu, magari na kamera. Jina lenyewe la Mashamba, wageni hulijua kama jina la shimo la mgodi. Sisi tukilisikia tunawaza majembe. Jiwe limeangazwa. Je, walio nyuma yake? Kandokando ya Kolwezi familia nyingi zimehamishwa kupisha migodi. Nyumba huhesabiwa, miti huhesabiwa. Lakini mama mzee aliyeachana na jirani aliyemwazima chumvi miaka yote, hasara yake haina safu katika daftari.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba hata minyoo na wadudu wana kazi ya lazima katika uumbaji, na kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini yafaa visikilizwe pamoja.

Mpiga picha ana dawa ya giza lile. Haongezi nguvu ya flashi, maana mdudu angemezwa na weupe. Hutafuta jani, akaliweka karibu nyuma ya mdudu, na mwako uleule ukawafikia wote wawili.

Nasi hatuna uwezo wa kuongeza mwanga wa ulimwengu, lakini kusogezana karibu tunaweza. Jumuiya hai inapozungumzia mgodi, ajira na barabara, aketi katikati yetu mjane aliyehamishwa, aseme kwa kinywa chake. Na kila jumuiya iandike majina ya familia zilizoondoka kwake, ikazitembelee huko zilikopelekwa, kabla majina hayo hayajasahauliwa.