Bolti ya Namba Kumi

Huku kwetu bolti haiitwi kwa unene wake, inaitwa kwa spana. Ukiingia hadwea pale Mutomo useme unataka ya milimita 6, utaangaliwa tu. Sema "namba kumi" uone mkono ukiingia kwenye kopo.

Lakini Black Mamba ya mjomba ni Raleigh ya zamani. Bolti ndogo ya breki ilikatika, na tundu lake ndilo lenye uzi, hakuna nati. Kule Nottingham walikata uzi wa 26 kwa inchi, kwenye bolti ya robo inchi: milimita 6.35. Namba kumi ni 6 kamili. Nyuzi zinakaribiana, kwa hivyo inaingia vizuri, unafurahi. Halafu inacheza. Ukiikaza, inakula uzi.

Mjomba hubeba mitungi minne ya maji, kilo 80 hivi, na kutoka kioski cha maji hadi nyumbani ni mteremko.

Nikafungua kile kipande, nikapanda matatu, nikavuka Athi hadi Kibwezi, upande wa Makueni. (Nauli tusiitaje.) Mzee mmoja fundi, chini ya mwarobaini, alikuwa na mkebe uliojaa vyuma vya baiskeli zilizokufa. Hakupima. Alijaribu moja baada ya nyingine kwa vidole viwili, macho yako barabarani, mpaka moja ikaingia kimya, bila kucheza.

"Shilingi ishirini, kijana wangu. Na mwambie mjomba aweke washa."