Sanduku Lililo Chini ya Keezo

Kaka zangu wa Dar wanataka kuuza mashine ya Bamdogo kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Sina ugomvi nao. Bamdogo alipata kiharusi mwaka juzi, mkono wake wa kulia haushiki tena patasi, na banda lake kule Usangi linavuja. Chuma chakavu kinapimwa kwa kilo, na mashine ile ni nzito. Ninachobishania ni sanduku la mbao lililo chini yake, kwa sababu na lenyewe wameliingiza kwenye kilo.

Pale nyumbani kila mtu anaiita "mashine ya miguu ya vitanda", maana ndiyo kazi iliyolipa ada zetu. Jina lake la zamani ni keezo, na kazi yake ni kukereza. Kamusi ya Johnson ya 1939 inayo maneno yote mawili. Nayapenda kwa sababu yanatenganisha vitu ambavyo tumevichanganya. Anayechonga huacha mti utulie, chombo ndicho kinatembea. Anayekereza huuzungusha mti, na yeye anashika patasi imara na kuingia polepole. Mafundi wa zamani wa pwani walizungusha kwa kamba na uta, huku na huku, wakatoa miguu ya vitanda ambayo hadi leo watalii wanaipiga picha Lamu.

Sasa jiulize: kitu kinachozunguka kwa kasi utakishikaje? Mguu wa kitanda ni rahisi, unaubana huku na huku kwenye ncha mbili. Bakuli je? Unalishika wapi, wakati ndani unataka kulichimba na nje unataka kulilainisha? Sanduku lile ni majibu ya Bamdogo kwa swali hilo moja, miaka thelathini na kitu.

Mashine ya kwanza aliizungusha kwa pedali ya cherehani cha miguu. Baadaye akapata mota ya pampu ya maji, beringi za mashine ya kusaga iliyokufa, na vyuma viwili virefu vya kuwa kitanda chake. Kitu cha kwanza kukerezwa pale ni puli ya mashine yenyewe, ya mbao, yenye ngazi tatu za kuhamishia mkanda. Kipande kipana kinataka mwendo wa taratibu, kwa sababu ukingo wake unakimbia kuliko katikati. Ukisahau kuhamisha mkanda, bakuli linaruka. Kuna kovu kwenye nguzo ya banda linaloeleza hayo vizuri kuliko mimi.

Nilipokwenda likizo nilivitoa vyote nikavipanga kwenye mkeka, Bamdogo akiwa kwenye kiti, ananielekeza kwa mkono wa kushoto. Kuna gogo fupi lenye tundu katikati, limepasuliwa kwa msumeno mara nne kama ua, na limezungushiwa kile kibanio cha chuma kinachokazwa kwa bisibisi kwenye mpira wa rejeta. Ukikaza, zile kuta nne zinabana kitako cha kikombe. Kuna vipande vya mkaratusi vilivyochimbwa mfereji wa duara, kila kimoja kwa ukubwa wa bakuli fulani: unagongea mdomo wa bakuli humo, linakaa kwa kubanwa tu, unamalizia kitako. Kuna fremu yenye beringi tatu za pikipiki, ya kushikilia bakora ndefu katikati isipige mawimbi. Kuna kipande cha mbao kilichopitishwa msumari wa inchi sita, cha kupimia kina. Kupima unene wa kuta alitumia spoku za baiskeli alizozikunja zikawa kama kaa.

"Na hii, Bamdogo?" Nilikuwa nimeshika holda ya balbu yenye waya mrefu.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kijiko ni cha nini. "Ya kuangalia, mama."

Bakuli likiwa bichi na jembamba, ukiweka taa upande wa pili mwanga unapenya kwenye mti. Palipo na giza ndipo bado pananenepa.

Patasi hakununua. Zilifuliwa na mhunzi wa Ugweno, jirani zetu wa kaskazini, kutoka springi za gari. Tupa za zamani alizikataa: ni ngumu lakini zinavunjika kama kioo, tena usoni kwako. Ugweno na chuma ni habari ndefu. Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare ya 1969, ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyotawala kule kabla Wasuya hawajawapindua. Utawala ulikwenda, nyundo zikabaki.

Kaka mkubwa ana hoja, tena nzuri. Siku hizi kibanio cha chuma cha meno manne kinauzwa mtandaoni, kinafika na basi, kinashika kuliko gogo lolote lililopasuliwa. Kweli kabisa. Lakini hicho hakikujui. Mimi kazini nasoma rasimu za watu, na mara nyingi zile zilizokatwakatwa zinanifundisha zaidi ya makala iliyochapwa. Kwenye mkeka ule nilihesabu vibanio saba vya kazi moja, kila kimoja kikirekebisha kasoro ya mwenzake. Kaka akasema nipige picha basi. Nimepiga. Picha haina uzito wa kitu wala mahali kidole kilipokula mbao.

Tumekubaliana mashine isiguswe hadi Desemba, ukoo ukipanda mlimani.

Kwenye rafu kumebaki bakuli moja la mparachichi, nusu kazi. Mti mbichi unakerezwa mara mbili. Kwanza unaacha kuta nene, kama sehemu ya kumi ya upana wa bakuli, halafu unaliweka miezi mingi likauke na kujipinda linavyotaka, ndipo ulirudishe kwenye keezo. Ukungu wa Usangi unasaidia, linakauka polepole. Ukiliteremsha mapema kwenye jua la Same linapasuka. Bamdogo aliandika uzito kwa penseli kwenye kitako, mstari chini ya mstari, tarakimu zikishuka. Uzito ukigoma kushuka, bakuli limeiva.

Mama mdogo analipeleka kwenye mizani ya duka kila mwisho wa mwezi, ananitumia ujumbe. Wa jana unasema gramu 940. Wa mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo.