Ukungu wa Mkate

Nyumbani kwetu mkate haukutupwa. Marehemu bibi yangu alitufundisha ya kwamba kukitupa chakula ni kumdharau aliyekilima. Basi boflo ikiota ukungu, alitwaa kisu, akaikata sehemu ya kijani, akatugawia iliyobaki. Nami nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto vivyo hivyo, wala sikujiuliza kama ni sawa.

Hata masika ya mwaka jana, mtoto mmoja wa darasa la tano akaniuliza, "Mwalimu, mbona mkate wa mama huota ukungu upesi, na wa dukani hukawia?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Na tutazame."

Tukatwaa chupa nne za kioo. Ya kwanza tukaitia kipande cha mkate wa sinia. Ya pili, boflo iliyookwa nyumbani. Ya tatu, boflo ya dukani. Ya nne, boflo ya nyumbani iliyokaushwa motoni hata ikawa ngumu. Tukazifunga, nami nikawakataza kuzifungua, kwani vumbi la ukungu laweza kumdhuru mtu, hasa mwenye pumu.

Mkate wa sinia ulichacha siku ya pili, na siku ya tatu ukawa na madoa. Boflo ya nyumbani ilianza siku ya nne: kwanza nyuzi nyeupe kama pamba, kisha vichwa vyeusi vidogo kama vya pini. Ya dukani ilikawia hata siku ya nane, ikatoa madoa ya kijani. Kile kipande kikavu hakikuota kitu.

Sababu zake ni hizi. Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali. Moto wa tanuri huziua, lakini mkate hupata nyingine unapopoa na kukatwa. Mbegu hizo zataka unyevu, na mkate wa sinia una tui na maji mengi. Boflo ya dukani mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, kama kalsiamu propionati. Haikuwa safi kuliko ya mama. Mkate mkavu hauna maji, basi mbegu hukosa kinywaji.

Ndipo tukatazama kwa kioo cha kukuzia. Tukaona nyuzi zimepenya ndani, hata mahali palipoonekana peupe. Nikafahamu ya kuwa kisu cha bibi kilikata maua tu, mizizi ikabaki. Tena aina nyingine za ukungu hutoa sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 katika hao walikufa kwa mahindi yenye sumu ya namna hiyo, iitwayo aflatoksini. Ukungu ule si huu wa chupa zetu, lakini kwa macho matupu ni nani awezaye kujua upi una sumu na upi hauna?

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikayafuta maneno yangu ya zamani. Haikuwa rahisi. Yule mtoto akauliza, "Basi, Mwalimu, bibi yako alikosea?"

Nikamjibu, "Hakukosea kukiheshimu chakula. Alichelewa tu."

Kisu chake ningali nacho. Siku hizi hukata mkate uliosalia siku ya pili, tukaukausha motoni, wala hakingoji siku ya tano.