Kizuri Chajiuza? Mashabiki na Hatima ya Albamu ya Spiderland

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafaa wafanyabiashara kwa muda mrefu, lakini mhakiki wa sanaa akiipima kwa makini atakuta inazua swali gumu. Ikiwa kizuri hujiuza chenyewe, basi kazi iliyokosa wanunuzi haina budi kuwa na dosari. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa kurejelea Spiderland, albamu ya kundi la roki la Slint kutoka mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, pamoja na mapenzi ambayo mashabiki wake wameyaonyesha tangu ilipotolewa mwaka wa 1991. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba ubora wa kazi huweza kuwamo ndani yake tangu mwanzo, lakini haujulikani mpaka wapatikane watu wanaokubali kuibeba. Na kwamba wabebaji hao, kwa mapenzi yayo hayo, huweza pia kuitia doa.

Kundi la Slint liliundwa mwaka wa 1986. Wakati wa kurekodi Spiderland, wanachama wake walikuwa wanne: Brian McMahan aliyeimba na kupiga gitaa, David Pajo aliyepiga gitaa, Todd Brashear aliyepiga gitaa la besi, na Britt Walford aliyepiga ngoma. Walikuwa vijana wenye umri wa miaka ishirini hivi. Albamu yao ya kwanza, Tweez, ilikuwa imetoka mwaka wa 1989 bila ya kuvuma. Mnamo Agosti 1990 walikwenda Chicago, wakarekodi nyimbo sita kwa siku chache chini ya usimamizi wa Brian Paulson. Nyimbo hizo, zenye jumla ya dakika 39 hivi, zilitolewa na kampuni ya Touch and Go mnamo Machi 1991. Kufikia wakati huo kundi lenyewe lilikwisha kuvunjika. Hapakuwa na ziara ya kuitangaza albamu, wala hapakuwa na wanamuziki wa kuhojiwa. Miezi sita baadaye, Septemba 1991, kundi la Nirvana lilitoa Nevermind, na roki mbadala ikaingia sokoni kwa kishindo. Spiderland haikuwa na nafasi katika kishindo hicho. Haikujiuza, na hapakuwa na mtu wa kuitembeza.

Je, kulikuwa na nini ndani yake cha kustahili kubebwa? Jambo la kwanza linalomkabili msikilizaji ni kwamba sehemu kubwa ya maneno haiimbwi. Husimuliwa kwa sauti ya chini, karibu na mnong'ono, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliyeketi kando yake. Wimbo wa kwanza, "Breadcrumb Trail", ni hadithi ya mtu aliyefika kwenye viwanja vya michezo, akaingia katika hema la mpiga ramli, kisha wawili hao wakaiacha ramli na kwenda kupanda kigari kiendacho mbio juu ya reli za kupanda na kushuka. Katika "Don, Aman" hakuna ngoma kabisa. Gitaa mbili zinamfuata mtu mmoja anayetoka nje ya sherehe na kubaki na fikira zake gizani. "Washer", ambao ndio mrefu kupita zote, ni wimbo wa kuaga. Kwa istilahi za fasihi simulizi, McMahan na Walford ni fanani zaidi ya kuwa waimbaji, na ala ndizo zinazojenga taharuki. Mapigo huhesabiwa kwa namna isiyozoeleka katika roki. Utulivu hurefushwa hadi msikilizaji aanze kuuogopa, kisha gitaa hulipuka bila ya kubisha hodi.

Fani hii hufikia kilele katika wimbo wa mwisho, "Good Morning, Captain". Nahodha aliyesalimika peke yake baada ya dhoruba yuko nje ya mlango wa mbao akiomba kuingizwa. Aghalabu wimbo huu hulinganishwa na The Rime of the Ancient Mariner, utenzi wa Samuel Taylor Coleridge uliochapishwa mwaka wa 1798. Ulinganishi huo una mashiko, lakini tofauti iliyopo ndiyo yenye uzito zaidi. Baharia wa Coleridge humshika msikilizaji wake, akamlazimisha kuisikiliza hadithi hadi mwisho. Nahodha wa Slint hana mtu wa kumshika. Hadithi yake inakatika, na mahali pa mafunzo panasikika kilio cha mtu mzima anayemlilia mdogo aliyemkosa. Fanani aliyekuwa akisimulia kwa sauti ya chini sasa anapiga ukelele. Ukelele huo haungekuwa na nguvu yoyote kama usingetanguliwa na kimya kile chote. Hapa fani na maudhui haviwezi kutenganishwa, na msikilizaji aliyekuwa na pupa hawezi kuupata wimbo huu kwa kuonjaonja.

Yamkini hiyo ndiyo sababu mojawapo ya albamu kuchelewa kukubalika: inahitaji kusikilizwa yote, na kusikilizwa kwa utulivu. Mmoja wa wachache walioielewa mapema ni Steve Albini (1962–2024), aliyekuwa ameirekodi Tweez. Katika gazeti la Melody Maker la London, mwaka wa 1991, aliipa Spiderland nyota kumi na kubashiri kwamba baada ya miaka kumi ingehesabiwa kuwa alama kuu katika muziki wa roki. Anayeushuku ushahidi wa Albini kwa kuwa alikuwa rafiki wa kundi ana haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, ubashiri huo haukutimizwa na urafiki. Ulitimizwa na watu ambao hawakuwajua vijana hao wa Louisville, waliopeana kaseti zilizonakiliwa nyumbani na kuhimizana kwa maneno ya mdomo. Wengine wao walikuwa wanamuziki. Kundi la Mogwai la Uskoti ni miongoni mwa yale yaliyokiri deni lao waziwazi. Mwaka wa 1995 wimbo wa nahodha ulitiwa katika muziki wa filamu ya Kids, na hadhira ikapanuka. Mwaka wa 2005 kundi lilikutana tena na kupiga jukwaani. Mwaka wa 2010 Scott Tennent alichapisha kitabu kizima juu ya albamu hii moja, na mwaka wa 2014 Touch and Go waliitoa upya katika kasha maalumu.

Hata hivyo, mapenzi ya mashabiki yana upande wake wa pili. Jalada la Spiderland lina picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa na Will Oldham: vichwa vinne vimechomoza juu ya maji yaliyojaa katika machimbo ya mawe, jimboni Indiana. Nyuma yake pana tangazo dogo la kuwakaribisha waimbaji wa kike waandike barua, pamoja na anwani. Zaidi ya hayo, msikilizaji hakuambiwa mengi. Penye uhaba wa habari, hadhira hujaza. Kwa miaka mingi palizagaa uvumi kwamba kazi yenye huzuni kiasi hiki ilikuwa imewaponza watunzi wake, kana kwamba uzuri wake ungepungua endapo ingejulikana kuwa ilitungwa na vijana wazima waliofanya mazoezi kwa bidii. Filamu ya Lance Bangs, Breadcrumb Trail, iliyotoka mwaka wa 2014, iliwaonyesha vijana wapenda mizaha na utani, waliorudia vipande vyao tena na tena hadi vikakaa sawa. Kuna ukatili fulani katika mapenzi yanayomtaka msanii awe ameumia ili kazi yake iaminiwe. Shabiki wa namna hiyo anahusudu jeraha, na utunzi wenyewe anaupita.

Kuna pia wivu. Baadhi ya mashabiki wanaendelea kuiita albamu hii kazi isiyothaminiwa, ilhali imekwisha kuandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Si kwamba hawaoni. Wanachokililia ni wakati ambapo kuijua kulikuwa siri ya watu wachache, na kila aliyempa mwenzake kaseti alikuwa akimpa sehemu ya nafsi yake. Mhakiki hana sababu ya kuwacheka. Mapenzi hayo ya siri ndiyo yaliyoihifadhi kazi wakati soko lilipoipuuza, na hakuna taasisi iliyokuwa tayari kuifanya shughuli hiyo kwa niaba yao.

Kwa kuhitimisha, kisa cha Spiderland hakiitangui methali ya wahenga, bali kinaonyesha mipaka yake. Kizuri huweza kukaa rafuni miaka mingi kisijiuze. Mauzo ya mwaka wa kwanza ni ushahidi juu ya soko, wala si hukumu juu ya kazi. Kwa upande mwingine, kupuuzwa peke yake hakuifanyi kazi kuwa bora. Ziko albamu nyingi za mwaka huo zilizosahauliwa kwa haki. Kinachozitofautisha ni kile kinachobaki baada ya kusikiliza kwa mara ya ishirini, na jambo hilo hujulikana kwanza kwa wapenzi, kisha kwa wahakiki. Ni wajibu wa uhakiki kuwasikiliza wapenzi hao bila ya kuamini kila wanachokisema: kuchukua kutoka kwao uvumilivu wa kurudia kazi ileile, na kuwaachia wao uvumi. Nahodha wa wimbo wa mwisho alibaki nje ya mlango. Wasikilizaji waliomfungulia hawakuwa wengi, wala hawakuambiwa na yeyote wafanye hivyo.