"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Ujumbe haukuwa na jina: "Ile hela tuma kwenye namba hii, simu yangu ina tatizo." Mama huyo, mkulima wa Gitting wilayani Hanang, alikuwa anasubiri kweli binti yake anayesoma Dodoma amwambie atume lini hela ya chumba. Akatuma. Zilikuwa fedha za maharage, na ndani yake zilikuwamo za dawa za presha za mumewe.

Jioni binti alipouliza, mama alisema mtandao unasumbua. Akasema hivyo siku tatu. Usiku halali, chakula hakipiti. Mumewe akadhani anaumwa. Kumbe alichoogopa zaidi ni kuitwa mjinga ndani ya nyumba yake.

Siku ya nne akasema, "Baba, nimetapeliwa." Mzee alikaa kimya kidogo. "Pole, mama. Dawa tutatafuta. Mpigie mtoto."

Binti naye hakulaumu. "Mama, usifute huo ujumbe. Ripoti hiyo namba kwa 15040, ni ya TCRA. Na kwa kuwa hela imeshatoka, nendeni polisi na ujumbe pamoja na muamala. Halafu piga *106#, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA."

Mama akapiga. Zikaja laini tatu. Yeye anazo mbili.

Ndipo akamkumbuka kijana aliyekuwa akisajili laini mnadani, usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019: "Weka kidole tena, mama, mashine imekataa." Aliweka mara ya pili, akashukuru, akaondoka.

Hivi ndivyo matapeli wengi wanavyojificha. Namba inafuatiliwa, na mwisho wa njia anakutwa mtu asiyejua lolote, ambaye kosa lake ni kidole kilichowekwa mara mbili.

Kesho yake mume na mke walipanda gari pamoja kwenda Katesh: kwanza polisi, kisha kwa wakala wa kampuni ya simu kuifunga laini ya tatu. Fedha hazijarudi. Lakini mama alisema angekaa kimya kwa aibu, pengine mama mwingine mahali fulani angetuma "ile hela" kwenye namba yenye jina lake.

Leo jioni, mkiwa mezani, pigeni *106#. Anzeni na simu ya bibi.