Maji ya Kuoshea Samaki

Bahari ina maji yasiyo na kipimo, lakini mimi nilijifunza thamani ya maji nikiwa baharini. Mwaka wa 1967, nilipokuwa na umri wa miaka 16, nilisafiri kutoka Lamu kwenda Mombasa katika jahazi lililopakia boriti za mikoko. Nauli sikuwa nayo. Badala yake nilikubaliwa kumsaidia mpishi. Pamoja na nahodha tulikuwa watu 9.

Ulikuwa mwisho wa Machi, na upepo wa kaskazi, ambao husukuma vyombo kwenda kusini tangu Desemba, ulikuwa umeanza kulegea. Hata hivyo, siku ya kwanza tanga lilijaa vizuri. Baharia mmoja alirambaza, yaani aliburura mshipi wenye ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda. Alasiri mshipi ulikaza ghafula, tukavuta kwa zamu mpaka tukampandisha nguru mkubwa aliyeng'aa kama fedha.

Mpishi alinihimiza nimpasue mara moja, kwa kuwa samaki wa jamii ya nguru na jodari akiachwa juani hufanya sumu isiyoondolewa hata na moto. Nilimpasua nikamkata vipande. Kisha, kwa tamaa ya kusifiwa usafi, nilichota pipani debe zima la maji matamu, yapata lita 18, nikamwosha kwa maji hayo. Yaliyobaki, mekundu kwa damu, niliyamwaga.

Mpishi alilitazama debe tupu. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "bahari yote hii haikukutosha?"

Meko yetu yalikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na mafiga matatu juu yake. Mpishi alipika wali kwa kuchanganya kata moja ya maji ya bahari na kata nne za maji matamu, hata chumvi isihitajiwe. Nguru alimtia katika tui la nazi, pamoja na ndimu na pilipili. Tulikula sote katika sinia moja, nahodha na mabaharia, na vipande vilivyosalia vikatiwa chumvi viwe ng'onda. Chakula kilikuwa kitamu, lakini mimi nilikimeza kwa shida.

Usiku ule upepo ulikufa. Siku mbili nzima tanga lilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Nchi kavu haikuonekana, na mkondo ulikuwa ukiturudisha nyuma. Nahodha aliamuru kila mtu apewe kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Maji ya bahari hayakuwa msaada wa kiu, kwa sababu mwili hutumia maji mengi zaidi kuitoa chumvi yake kuliko yale yaliyonywewa.

Siku ya pili ya shwari, mzee mmoja katika mabaharia alishikwa na homa, midomo yake ikapasuka. Nilipiga hesabu moyoni: debe nililomwaga lingalimpa kila mmoja wetu lita 2. Sikuweza kunyamaza tena. Nilimwendea nahodha nikaungama mbele ya wote.

Nahodha alinitazama kwa muda mrefu. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, "lakini mtu huzoleka." Kisha akanikabidhi kata. Tangu saa ile kazi ya kupima maji ikawa yangu.

Sikupata kuona adhabu nzito kama imani ile. Nilipima kwa mkono uliotetemeka, tone lisianguke. Kikombe changu nilikijaza mwisho, na nusu yake nikamnywesha mgonjwa.

Usiku wa tatu upepo ulirudi. Tulipotia nanga Mombasa, mzee yule alishuka kwa miguu yake mwenyewe, na pipani mlikuwa mmebaki kata sita. Nilizihesabu mara mbili kabla ya kumrudishia nahodha kata yake.