Njia ya Arua, na Gari Lililogoma Bweyale

Barabara itokayo Kampala kwenda Arua ina urefu unaokaribia kilomita 500, na jamaa za askari wanaijua kuliko watu wengi. Uhamisho wa kwenda Nile Magharibi hupita huko, na mama wengi wa kambini wameisafiri wakiwa na mtoto mapajani, magodoro juu ya basi na kuku ndani ya tenga. Watu huilalamikia kuwa ni ndefu. Mimi huiona fupi, kwa sababu kila saa moja nchi hubadilika sura, na lugha nayo hubadilika.

Mji wa Bombo huja mapema, kabla jua halijapanda. Hapo ndipo ilipo maskani ya Wanubi, kizazi cha askari wa Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha na ambao Lugard aliwachukua kule Kavalli mwaka 1891. Kinubi chao bado kinasikika sokoni, na Kiswahili kimekaa nao tangu siku za King's African Rifles, kilipokuwa lugha ya amri na gwaride. Wako watu wanaodhani kuwa Kiswahili kiliingia Uganda juzi tu, kwa vile kilitiwa katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Wapite Bombo wakasikilize.

Baada ya Bombo huja Luwero na mananasi yake, nchi iliyobeba vita vya miaka ya 1981 hadi 1986 na ambayo leo inalima kwa utulivu. Kisha Nakasongola, kavu, nchi ya ng'ombe na magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya njia. Mto Kafu ukishavukwa, na Kigumba ikishaachwa nyuma, msafiri huwa amefika katika wilaya ya Kiryandongo, na haupiti muda huwa Bweyale.

Bweyale ndipo panapostahili kusimama, hata kwa mtu asiyeharibikiwa na gari. Karibu na hapo pana makazi makubwa ya wakimbizi ya Kiryandongo. Watu wa Sudan Kusini wako huko kwa maelfu, na mwaka 2008 waliletwa pia Wakenya waliokimbia machafuko ya baada ya uchaguzi wa mwezi Desemba 2007. Waacholi waliohama vitani wakati wao walijenga hapo na hawakurudi. Matokeo yake ni soko ambalo mwuza nyanya hujaribu lugha tatu kabla ya kutaja bei, na ya nne, inayowapatanisha wote, aghalabu huwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja, la. Lakini nyanya hununuliwa na chenji hurudi.

Safari ninayoieleza tuliifanya kwa gari la ofisi, Land Cruiser la dizeli la namna ile inayojulikana na kila askari. Tulikuwa tumebeba vitabu na chaki za shule. Kwa idhini ya mkubwa wa ofisi tulimchukua pia mama mmoja, mke wa askari polisi, mwenye mtoto wa miezi 3. Mumewe alikuwa Arua, na alfajiri ya siku ya pili yake alitakiwa kuondoka na wenzake kwenda zamu ya mpakani ambayo mwisho wake haukutajwa. Mtoto huyo alikuwa hajamwona bado. Basi kulikuwa na saa ya kufika, na mama yule aliitazama mara nyingi.

Juzi yake gari lilikuwa limebadilishiwa pampu ya dizeli katika gereji moja ya mjini. Asubuhi lilichukua muda kabla ya kuwaka, dereva akasema ni ugeni wa pampu mpya. Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, likaenda vizuri mpaka Bweyale. Pale tulisimama saa nne tupate chai na mama amnyonyeshe mtoto kivulini. Dereva aliegesha penye mwinuko, pua ya gari ikiwa juu. Tuliporudi baada ya nusu saa, starta ilizunguka kwa nguvu zake zote, lakini injini haikushika. Akapiga tena na tena, hata sauti ya betri ikaanza kuchoka.

"Acha, mzee," alisema kijana mmoja aliyekuwa akiziba pancha ng'ambo ya njia. "Utaimaliza betri, halafu tutakuwa na magonjwa mawili."

Kijana huyo alikuwa fundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bonde la Ufa. Nilipenda jinsi alivyoanza kazi, kwa kuwa hakushika spana. Alikwenda nyuma ya gari, akamwambia dereva apige starta kwa sekunde kumi tu, akatazama bomba la moshi. Halikutoa hata ukungu. Akaeleza kuwa injini ya dizeli inayozungushwa ikatoa moshi mweupe bila kuwaka inapata mafuta ila haiyachomi, na hapo ndipo mtu huuliza kama pampu ilifungwa kwa kufuata alama zake. Isipotoa moshi wowote, mafuta hayafiki. Kwa uchunguzi huo wa sekunde kumi alikwisha kutupa nusu ya mambo yanayowezekana.

Halafu alimwuliza dereva swali ambalo wengi huona haya kuuliza: tangi lina mafuta? Lilikuwa nalo. Akategea sikio karibu na pampu huku ufunguo ukifunguliwa na kufungwa. Juu ya pampu ya namna ile pana kifaa kidogo cha umeme chenye waya mmoja, ambacho hufungua njia ya mafuta ufunguo unapofunguliwa na kuikata unapofungwa. Waya huo ukisahauliwa baada ya pampu kubadilishwa, au ukiwa umelegea, gari haliwaki kamwe, hata mkilisukuma mpaka Gulu. Wetu ulilia "tak", ulipochomolewa na kurudishwa ukalia tena. Umeme basi ulikuwa mzima.

Ndipo alipochukua spana. Akalegeza kidogo boliti iingizayo mafuta katika pampu, akaanza kubonyeza kile kitufe cha kupampu kwa mkono kilicho juu ya chujio la dizeli. Kilichotoka kilikuwa povu, kama la sabuni. Alibonyeza mpaka povu likaisha, mafuta yakaja safi, na kitufe kikawa kigumu chini ya kidole. Akakaza boliti. Dereva akapiga starta: injini ikakohoa, ikatetemeka, ikashika.

Watu waliokwisha kusanyika walipiga makofi. Dereva akawa anafunga mlango twende zetu, na mama yule alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Lakini fundi aliweka mkono juu ya boneti. "Hewa nimeitoa," alisema. "Mlango ilioingilia sijauona. Mkizima Karuma, mtalala Karuma."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye shina la habari yenyewe, nami nitakawia kidogo. Katika gari kama lile, mafuta hayasukumwi kutoka tangini. Huvutwa na pampu iliyo mbele. Kwa hiyo penye uwazi katika njia hiyo, dizeli haidondoki chini ukaiona. Hewa ndiyo inayonyonywa ndani. Injini ikiwa inakwenda, pampu huvumilia hewa kidogo. Ikizimwa, hewa huingia polepole, na dizeli hurudi tangini kama maji yarudiavyo kisimani, tena upesi zaidi gari likiwa limeinua pua. Ndiyo maana gari huwaka likiwa limezimwa dakika mbili, na hukataa likiwa limepumzika. Mtu asiyejua humlaumu shetani, au hununua pampu nyingine.

Fundi aliizima injini, akafuta maungio yote kwa kitambaa kikavu. Akauliza kama tuna unga wowote mweupe, nami nikamfungulia boksi la chaki. Aliisaga moja, akaipaka kuzunguka kila boliti na kila klipu ya mpira kutoka kwenye chujio hadi pampu, kisha akabonyeza kile kitufe kwa nguvu. Safari hii mafuta yalikuwa yanasukumwa, si kuvutwa, kwa hiyo yalitokeza penye kasoro. Chaki ilibaki nyeupe kote, isipokuwa kwenye boliti iingizayo mafuta katika pampu. Pale iligeuka rangi, doa dogo tu kama la jasho.

Boliti hiyo ina tundu katikati, nayo hukaa baina ya viduara viwili vya shaba ambavyo mafundi huviita washa. Kila ifunguliwapo huwapasa kuweka washa mpya, kwa kuwa shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu na yenye mifereji. Katika gereji ile ya mjini waliweka pampu mpya ya thamani kubwa, wakazirudisha washa kuukuu. Haki ya fedha zetu sijui ilikuwa wapi.

Duka la vipuri la pale halikuwa na kipimo chetu. Nilikwisha kukata tamaa, lakini fundi alivuka njia akamwendea mama mmoja mchoma mahindi, akaomba nafasi kwenye jiko lake la makaa. Aliziweka washa mbili juu ya makaa, akapepea mpaka zikawa nyekundu, akazitosa katika kikombe cha maji. Shaba hulainika ikipata moto huo, hata ikitoswa majini, tofauti na chuma cha pua ambacho hukakamaa. Kisha akazisugua juu ya kipande cha kioo kilichotandikwa msasa mwembamba hadi mifereji ikafutika. Mama wa mahindi alidai alipwe hindi moja lililoungua, akalipwa.

Wakati wa kufunga alituonyesha jambo jingine. Pampu hizo zina boliti mbili zinazofanana, moja ya kuingizia mafuta na moja ya kurudishia. Ile ya kurudishia huandikwa OUT kichwani, na tundu lake ni dogo kama la sindano. Zikibadilishana mahali, pampu hukosa mafuta, na gari jipya kabisa huonekana limekufa. Zetu zilikuwa mahali pake. Gereji ile angalau hilo iliepuka.

Tulitoa hewa tena, tukawasha, tukazima. Halafu fundi alikaa chini ya mti, akataka gari lingoje nusu saa palepale penye mwinuko. Mama yule hakusema neno. Alimbembeleza mtoto huku akitazama jua, nami nilihesabu kilomita zilizobaki na saa za mchana, nikaona hazilingani sana. Nusu saa ilipotimia dereva aligusa ufunguo, injini ikashika mara moja. Ilikuwa saa nane.

Kwa wenye magari madogo ya petroli niseme machache, maana desturi zake ni nyingine. Pampu yake ya umeme aghalabu imo ndani ya tangi. Gari likikataa baada ya kubadilishiwa, tazameni kwanza fyuzi na rilei, na plagi ya waya iliyo juu ya pampu kama imezama mpaka mwisho, kisha kile kimpira kifupi kilicho ndani ya tangi, ambacho huchomoka kikifungwa ovyo. Magari mengi huiwasha pampu kwa sekunde mbili hivi ufunguo ukifunguliwa, na mngurumo wake husikika upande wa kiti cha nyuma. Fungueni na kufunga ufunguo mara tatu au nne ili mafuta yajae njiani kabla ya kupiga starta. Lakini Toyota nyingi za zamani haziiwashi pampu mpaka injini izungushwe, kwa hiyo ukimya si lazima uwe ugonjwa. Na petroli si dizeli: ondoeni waya wa betri kwanza, sigara ziwe mbali, na jiko la mahindi liwe mbali zaidi. Magari mapya ya dizeli nayo yasifunguliwe mabomba ya nozeli injini ikiwa inakwenda. Mafuta humo yana nguvu ya kupenya ngozi ya mkono.

Kutoka Bweyale tulikwenda bila kusimama. Karuma tuliwakuta nyani wakikaa kando ya njia kama maofisa wa ushuru. Chini ya daraja, Nile inapiga miamba kwa povu jeupe. Daraja hilo ni la mwaka 1963, nalo lilifungwa kwa miezi kadhaa mwaka 2024 likitengenezwa. Mwaka huohuo ulizinduliwa mtambo wa umeme wa Karuma wenye uwezo wa megawati 600. Baada ya daraja tuliiacha njia ya Gulu, tukashika mkono wa kushoto. Askari wenye umri wanaikumbuka njia hiyo ilipokuwa haipitwi ila kwa msafara wenye ulinzi, kwa hofu ya waasi. Siku hizi hofu ni tembo, ambao huvuka karibu na Pakwach bila kutazama huku wala huku, na kukutana nao gizani si jambo la kutamaniwa na mwenye mtoto mchanga.

Tulifika Pakwach jua likiwa bado linang'aa juu ya mto. Dereva aliizima injini kwa makusudi tununue angara wakavu, samaki ambao mtu wa Nile Magharibi hasamehe ukija bila wao, na ikawaka. Nebbi ilikuwa magharibi. Mlangoni pa kambi ya polisi, Arua, ilikuwa saa mbili kasoro usiku. Askari wa zamu alituma mtu kumwita afande mume, naye akaja mbio akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akikipiga rangi.

Siku ya pili, kabla ya kazi, dereva alinunua washa mpya za shaba katika duka la vipuri mjini. Zile za Bweyale tulizitia katika kisanduku cha fyuzi, pamoja na kipande cha chaki.